Kuchagua matairi ya gari la spoti unaloliendesha kila siku Dodoma

Kila asubuhi natoka Kisasa kwenda kazini Mtumba na Toyota Altezza RS200. Kabla sijaikuta lami kuna mita kama mia nne za vumbi na changarawe, kuna tuta ambalo halijawahi kupakwa rangi, na kuna ua wa jirani uliozungushiwa matawi ya mgunga ambayo mbuzi huyakokota hadi njiani. Baada ya hapo ni barabara ya Dar es Salaam: malori, bodaboda, jua. Ijumaa nyingine naunganisha moja kwa moja hadi Morogoro, kilomita 260 hivi. Tairi langu linatakiwa kuzifanya kazi zote hizo, na hakuna hata moja inayofanana na ile ya kwenye picha za matangazo.

Nimeona vijana wengi hapa mjini wenye Subaru WRX, Toyota 86, Mark X au Golf GTI wakitumia pesa nyingi kwenye matairi kisha wakabaki na gari gumu, lenye kelele, linalopasua ubavu kila baada ya miezi michache. Kwa hiyo msimamo wangu nausema mapema. Kwa gari la spoti linalotumika kila siku huku kwetu, tazama kwanza ubavu wa tairi na jinsi linavyofanya kazi kwenye maji. Sifa ya kushika lami kavu iwe ya tatu. Kwenye lami kavu, tairi lolote zima la spoti lina uwezo kuliko utakaouhitaji kati ya Nyerere Square na Ihumwa. Tofauti utaiona kwenye shimo ulilochelewa kuliona, na kwenye mvua ya kwanza ya Desemba.

Hatua ya 1: Andika njia zako za wiki nzima

Chukua karatasi, andika unapopita kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Si unapotamani kupita, unapopita kweli. Mtu wa Area D anayefanya kazi mjini na kurudi jioni anaweza kukaa kwenye lami karibu muda wote. Mtu wa Nkuhungu, Ntyuka au Iyumbu mwenye nyumba ndani ndani ana kipande cha vumbi mara mbili kwa siku, mwaka mzima. Anayesafiri kila mwezi kwenda Iringa kwa njia ya Mtera anakutana na kona za mlima wa Nyang'oro, na huko tairi laini linaheshimika. Anayekwenda Morogoro anakutana na mabonde mawili yaliyochimbwa na magurudumu ya malori, moja kila upande wa njia yake, na wakati wa mvua hujaa maji.

Karatasi hiyo ndiyo utakayoirudia kila muuzaji akikushawishi.

Hatua ya 2: Soma gari lako kabla ya kusoma bei

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango kuna kibandiko chenye saizi za matairi ambazo kiwanda kiliziruhusu na upepo wake. Kwenye magari ya Japani upepo umeandikwa kwa kPa, wakati geji nyingi za mafundi husoma psi: 220 ni kama psi 32, 230 ni psi 33, 240 ni kama psi 35. Kipige picha kibandiko hicho, kitakusaidia dukani na kwa fundi wa upepo.

Kisha soma tairi lenyewe. Tuchukue 225/45R17 91W. Upana ni milimita 225. Namba 45 ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 45 ya huo upana, yaani milimita 101. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na karibu matairi yote ya magari madogo siku hizi ni hayo. Inchi 17 ni rimu. Namba 91 ni mzigo: tairi moja linabeba kilo 615. W ni mwendo: hadi kilomita 270 kwa saa. H ni 210, V ni 240, Y ni 300.

Utauliza, nani anakimbia 240 Dodoma? Hakuna, na asiwepo. Lakini herufi hiyo inaeleza pia jinsi tairi linavyostahimili joto, na joto ndilo linaloua tairi huku kwetu. Usishuke chini ya herufi na namba ya mzigo iliyo kwenye kibandiko.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi wa magari ya kutoka Japani hawalijui. Baadhi ya magari hayo yanaletwa na matairi ya theluji. Mpira wake umetengenezwa uwe laini hata penye barafu, kwa hiyo kwenye lami ya Dodoma ya saa nane mchana unakuwa kama ugali wa moto: gari linayumba kwenye kona, breki zinachelewa, kashata (meno ya mpira yanayogusa lami) zinalika haraka. Tafuta ubavuni neno STUDLESS au mchoro wa mlima wenye nyota ya theluji ndani yake. Herufi ya mwendo mara nyingi ni Q, yaani kilomita 160. Ukiyakuta, yatoe hata kama yanaonekana mapya.

Hatua ya 3: Saizi, na hapa usiwe na haraka

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mtu ananunua gari lenye rimu za inchi 17, anaona limezubaa, anafunga inchi 19. Hebu tupige hesabu. Tairi la 215/45R17 lina ubavu wa milimita 97. Tairi la 225/35R19 lina milimita 79. Umetoa karibu sentimita mbili za mpira na upepo kati ya rimu na shimo. Sentimita hizo mbili ndizo zilizokuwa zinapokea pigo la tuta kabla halijafika kwenye rimu, bushi na shokapu. Matokeo yake ni rimu iliyopinda, au nyuzi za ubavu zinakatika ndani na tairi linatoa nundu. Tairi lenye nundu halizibwi, halitengenezwi. Linatolewa siku hiyo hiyo.

Rimu kubwa pia ni nzito zaidi mara nyingi, na uzito wa gurudumu unaozunguka chini ya springi unaharibu utulivu wa gari kwenye barabara mbovu kuliko uzito wa abiria ndani. Kwa hiyo gari lililonunuliwa kwa ajili ya wepesi wake linapoteza wepesi huo huo.

Mimi nakushauri ufikirie upande wa pili: kubaki na saizi ya kiwanda, au hata kushuka inchi moja. Toyota 86 ilipotoka mwaka 2012 iliuzwa Japani na saizi mbili kufuatana na toleo: 205/55R16 na 215/45R17. Kipenyo cha tairi zima ni milimita 632 kwa ile ya kwanza na 625 kwa ya pili, tofauti ya asilimia moja tu, lakini ubavu wa inchi 16 umezidi kwa milimita 16. Mwenye 86 anayeishi barabara ya vumbi akishuka hadi 16 hajaharibu gari, amerudi kwenye saizi ambayo wahandisi wenyewe waliikubali. Na hata zile za inchi 17 zilitoka kiwandani na Michelin Primacy HP, tairi la kawaida la starehe, si la mbio. Waliotengeneza gari hilo walitaka dereva ahisi gari likijibu kwenye mwendo wa kawaida, na nadhani walikuwa sahihi.

Ukitaka kubadili saizi, piga hesabu hivi: upana mara asilimia ya ubavu, zidisha kwa mbili, kisha ongeza inchi za rimu mara 25.4. Jibu ni kipenyo kwa milimita. Kisizidi wala kupungua kwa zaidi ya asilimia tatu kutoka cha kiwanda, la sivyo spidomita itadanganya na tairi linaweza kusugua fenda. Kabla ya kushuka inchi, hakikisha rimu ndogo inapita juu ya kalipa za breki, vile vyuma vinavyobana diski. Subaru STI yenye breki za Brembo, kwa mfano, haikubali rimu ya 16. Jaribu rimu moja kwanza, izungushe kwa mkono, usikilize.

Upana nao una mwisho wake. Tairi pana linashika lami kavu vizuri, lakini huelea mapema juu ya maji, kwa sababu lina maji mengi zaidi ya kusukuma. Yale mabonde ya malori ya barabara ya Morogoro ndiyo mahali pa kulikumbuka hilo.

Hatua ya 4: Chagua aina, kisha jina

Matairi ya spoti si ya aina moja. Kundi la kwanza ni yale yanayokaribia ya mbio: Yokohama Advan A052, Toyo Proxes R888R, Michelin Pilot Sport Cup 2. Yana mifereji michache na mpira laini sana. Hulika upesi, huokota changarawe na kuitupa kwenye bodi, na kwenye maji yaliyotuama hayana msaada. Kwa gari la kila siku Dodoma nasema hapana, moja kwa moja.

Kundi la pili ni matairi ya spoti ya barabarani: Michelin Pilot Sport 4 na 5, Bridgestone Potenza za barabarani, Continental SportContact, Goodyear Eagle F1, Dunlop SP Sport Maxx, Yokohama Advan Fleva. Yana mifereji mipana ya kutoa maji na mpira unaofanya kazi vizuri penye joto. Wazungu huyaita matairi ya kiangazi, na sisi hatuna majira ya theluji ya kuyaogopea. Mwenye lami karibu safari yote, aanzie hapa.

Kundi la tatu ni yale ya starehe yenye sifa nzuri, kama huyo Primacy. Kwa mtu mwenye kilomita mbili tatu za vumbi kila siku, mimi ningeanza na hili. Utapoteza kidogo kwenye kona, utapata ubavu tulivu, maisha marefu na ukimya. Si aibu kufunga tairi la starehe kwenye gari la spoti.

Matairi mengi yana neno TREADWEAR na namba yake. Ni mfumo wa Marekani wa kukadiria maisha ya tairi. Namba 200 kushuka chini ni mpira laini unaoisha haraka, karibu na 300 ni la spoti la barabarani (Pilot Sport 4 S lina 300), na 500 ni la safari ndefu. Kila kampuni hupima ya kwake, kwa hiyo namba hizo zinafaa kulinganisha matairi ya kampuni moja kuliko ya kampuni mbili. Kando yake kuna TRACTION, ambayo hupimwa kwenye lami iliyoloa: tafuta AA au A. TEMPERATURE iwe A, bila mjadala.

Vipi kama bajeti haifiki majina hayo? Nunua tairi jipya la bei nafuu lenye saizi, mzigo na herufi sahihi, uache la mtumba lenye jina kubwa. Tairi la mtumba hujui liligonga nini, lilikaa na upepo kiasi gani, wala lilizibwa mara ngapi. Nyuzi zilizochoka ndani hazionekani kwa macho.

Hatua ya 5: Tarehe ya kuzaliwa

Ubavuni tafuta herufi DOT. Mwishoni mwa mstari wake kuna tarakimu nne ndani ya duara la yai: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2224 ni wiki ya 22 ya mwaka 2024. Namba hiyo mara nyingi iko upande mmoja tu, kwa hiyo lizungushe tairi ukaisome.

Mpira unazeeka hata ukiwa dukani, na huzeeka haraka ukipangwa nje kwenye jua. Mimi sichukui tairi lililozidi miaka miwili tangu litengenezwe, na likifikisha miaka sita kwenye gari nalitoa hata kama kashata bado zipo. Nyufa ndogo ndogo ubavuni, kama za udongo wa mbuga ya Bahi wakati wa kiangazi, ni dalili kwamba muda umefika.

Saizi nyingi za spoti hazipo madukani hapa Dodoma, zinaagizwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi. Basi kabla hujatuma pesa, omba picha ya hiyo tarehe kwa kila tairi, si moja kwa niaba ya manne.

Hatua ya 6: Mangapi?

Manne ikiwezekana. Kwa Subaru na magari mengine yanayovuta magurudumu yote, manne yanayofanana ni lazima hasa: Subaru wenyewe wanataka mizunguko ya matairi (urefu wa duara la nje) isipishane zaidi ya robo inchi, karibu milimita 6. Ikizidi hapo, difrensho ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi muda wote, inapata moto na kufa.

Kwa magari mengine, ukinunua mawili, yafungwe nyuma, hata kama gari linavuta mbele. Wengi hubisha hapa. Mbele ikiteleza kwenye maji, gari linaendelea kwenda mbele na unahisi usukani umekuwa mwepesi; unaachia mafuta, linarudi. Nyuma ikiteleza, gari linageuka, na dereva wa kawaida hana muda wa kulirudisha.

Hatua ya 7: Simama karibu na fundi

Tairi likiwa na mshale na neno ROTATION, mshale uelekee mbele. Likiwa na OUTSIDE, upande huo ukae nje. Nilishawahi kufungiwa tairi moja kinyume, upande wa ndani ukiwa nje, kwenye gereji niliyokuwa naiamini. Niligundua kesho yake asubuhi nikiwa nalipangusa vumbi. Nilikuwa nimesafiri nalo usiku kwenye mvua. Tangu siku hiyo nayasoma yote manne kabla gari halijashushwa kwenye jeki, na fundi mzuri haudhiki ukifanya hivyo.

Omba valvu mpya na balansi kwa kila gurudumu. Nati zianze kwa mkono, zikazwe kwa mpangilio wa nyota, na zimaliziwe kwa spana yenye kipimo. Toyota nyingi ndogo zinataka Nm (newtoni mita) 103. Ile mashine ya upepo ikiachiwa imalize yenyewe inavuta stadi (boliti zinazoshika gurudumu) na kuacha nati ambazo hutazifungua ukipata pancha porini. Baada ya kilomita 50 hadi 100, zipitie tena.

Siku hiyo hiyo pima wili alaimenti, yaani magurudumu yalivyonyooka na kuinama. Matuta yetu huivuruga, na alaimenti mbovu hula tairi la spoti kabla ya msimu kuisha. Ukiona tairi la zamani limelika upande mmoja, tatizo ni alaimenti au bushi. Limelika pande zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Katikati tu, ulizidi. Kashata zikiwa kama meno ya msumeno, angalia na shokapu. Tengeneza chanzo kabla hujafunga jipya.

Kilomita 300 za mwanzo endesha taratibu. Tairi jipya lina mabaki ya kilainishi cha kiwandani juu yake na huteleza kidogo.

Hatua ya 8: Upepo

Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa geji yako mwenyewe. Kila nyuzi joto 5 au 6 zinapoongezeka, upepo hupanda kwa karibu psi 1. Asubuhi ya Julai hapa kuna baridi, mchana jua linachoma, kwa hiyo tairi lile lile linaweza kupishana psi 2 bila wewe kuendesha. Ukipima mchana baada ya safari na kupunguza, kesho asubuhi utakuwa na tairi lenye upepo pungufu, na ubavu mfupi wenye upepo pungufu ndio unaopasuka kwenye shimo.

Na ukipanda kutoka Dar es Salaam, geji itasoma juu kidogo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ni nyepesi, na tofauti hiyo pekee inafika karibu psi 2. Acha lipoe hadi asubuhi, ndipo urekebishe.

Kabla ya mvua

Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, baada ya miezi ya vumbi na mafuta ya malori kujikusanya juu ya lami. Mvua ya kwanza huchanganya vyote hivyo na kufanya utelezi. Katikati ya Novemba pima kina cha kashata. Tairi jipya huwa na milimita 7 hadi 8. Zile tuta ndogo ndani ya mifereji zinaonyesha 1.6, na hapo tairi limekwisha. Lakini uwezo wa kutoa maji hupungua sana kuanzia milimita 3, kwa hiyo ukiwa na 3 mwezi Novemba, badilisha. Ukiwa na 3 mwezi Mei unaweza kwenda nayo kiangazi chote.

Pancha za miiba

Mwiba wa mgunga unaweza kupenya kashata ukakaa humo wiki nzima bila upepo kuisha haraka. Ndiyo maana napitisha mkono na macho kwenye kila tairi Jumamosi. Ukiuona, na geji inaonyesha upepo upo, usiuchomoe hapo ulipo, maana wenyewe ndio kizibo. Nenda taratibu hadi kwa fundi anayetoa tairi kwenye rimu na kubandika kiraka kwa ndani. Utambi wa kupenyeza kwa nje ni wa kukufikisha nyumbani, si wa kwenda nao Morogoro kwenye mwendo wa safari. Tundu likiwa begani (kashata zinapokutana na ubavu) au ubavuni, usikubali lizibwe kwa njia yoyote.

Magari mengine ya spoti hayana spea kabisa, yamewekewa chupa ya gundi na kipampu. Gundi hiyo haisaidii ubavu ukichanika. Kati ya Chamwino na Gairo, usiku, utahitaji tairi la kufunga, kwa hiyo tafuta spea nyembamba ya saizi inayokubaliana na gari lako, pamoja na jeki na spana inayoingia kwenye nati za rimu zako, na uijaribu nyumbani mchana kweupe kabla ya safari ya kwanza.